Wasifu wa Mwanachuoni ni Amana

Marehemu hana ulimi wa kujitetea. Kwa sababu hiyo, anayeshika kalamu kuandika habari za mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki huwa ameshika amana, na amana hiyo huzidi uzito pale marehemu anapokuwa mwanachuoni ambaye watu hadi leo wanaifuata au kuipinga rai yake.

Tunayasema haya kwa kuwa siku hizi kalamu hiyo imo mikononi mwa kila mtu. Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, humruhusu msomaji kusahihisha, kuongeza na kufuta. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tunaongeza: iwapo wengi hao wamekuja na ushahidi, si na ushabiki.

Tuchukue mfano wa Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwalimu wa skuli, akashika ukadhi wa Zanzibar mwaka 1960, akahamia Kenya mwaka 1967 na huko akawa Kadhi Mkuu, kisha akafariki Oman mwaka 1982. Tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za visiwa hivi. Hayo hayana mgogoro, na kuyaandika hakuhitaji ujasiri.

Mgogoro huanzia penginepo. Sheikh alisomeshwa katika mila ya wanavyuoni wa Kishafi wa pwani, na akawaandikia masheikh hao kitabu cha wasifu ambacho mtafiti wa historia ya Uislamu wa Afrika Mashariki hawezi kukipita. Lakini katika miaka yake ya baadaye alikemea kwa maandishi mambo kadhaa yaliyozoeleka hapa pwani, akiyaita bidaa. Wako waliomshukuru kwa hilo, na wako walioudhika.

Sasa na tuwafikirie waandishi wawili. Wa kwanza aandika kwamba Sheikh aliitakasa dini. Wa pili afuta, aandika kwamba aliwageuka walimu wake. Wa kwanza arudi, naye afuta. Wote wawili wanadhani wanaitetea haki, na wote wawili wanamdhulumu marehemu, kwani wametia hukumu yao mahali pa habari yake. Njia ya uadilifu ni kueleza Sheikh alisema nini, katika kitabu gani na mwaka gani. Kisha nani alimuunga mkono, nani alimjibu, na kwa hoja zipi. Hukumu aachiwe msomaji.

Hizo ndizo kanuni za kamusi yenyewe: kutoelemea upande, na kila dai lenye ubishi kutegemezwa kwa chapisho la kuaminika. Pana ukurasa wa majadiliano kwa wanaohitilafiana, na kila badiliko huhifadhiwa, hata lililofutwa likaweza kuonekana. Wala kanuni hizi si ngeni kwetu. Wanazuoni wa hadithi waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja bila ya kuangalia uso wa mtu. Ali bin al-Madini husimuliwa kwamba alimtaja hata baba yake mzazi kuwa ni mpokezi dhaifu. Basi ikiwa mwana aliweza kusema kweli juu ya baba, sisi tunashindwaje kusema kweli juu ya sheikh tunayempenda, au tusiyempenda?

Hata hivyo, lipo tatizo ambalo nia njema peke yake haiwezi kuliondoa. Mengi tuyajuayo juu ya masheikh wetu yamo vifuani mwa wazee, na kamusi haipokei kisichochapishwa. Hapo ndipo tunapowageukia wenye dhamana serikalini. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ni mahali panapostahiki kuongoza kazi ya kukusanya simulizi hizo, kuzihakiki na kuzichapisha. Tunawaomba wawezeshwe. Lakini pia tunatahadharisha: serikali ifungue makabati, isiandike hukumu. Wasifu unaonyooshwa kwa amri ya ofisi hauaminiki, hata ukiwa wa kweli.

Nanyi wananchi wenzetu, mkiuona ukurasa una kosa, msifute kwa hasira. Leteni kitabu, tajeni ukurasa, mjadiliane. Sheikh Farsy mwenyewe aliyatia katika maandishi mengi ya masheikh waliomtangulia, na lau hangefanya hivyo, baadhi yao leo wangekuwa majina matupu. Deni hilo hatulilipi kwa kumpamba wala kwa kumchafua, bali kwa kumwandika kama alivyokuwa.