Kwa nini ziwa hufika mlangoni?



Swali linalorudi katika vikundi vyetu ni hili: kwa nini ziwa hupanda hadi mlangoni, kisha hurudi nyuma? Wengine husema limekasirika. Tulitazame pamoja.

Ziwa Tanganyika limelala ndani ya bonde la ufa. Ardhi ilipasuka ikashuka, milima ya Mitumba ikabaki upande wetu na ile ya Burundi ng'ambo. Ndiyo maana kina chake hufika mita 1,470. Pahali milima inaposhukia majini, chini hukatika ghafula. Mtoto asitumwe kuchota maji huko peke yake.

Upepo nao una kazi yake. Chukua beseni la maji, ulipulizie upande mmoja: maji yatasogea upande wa pili. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuja kwetu kaskazini. Ukitulia, yanarudi.

Lakini kupanda kwa kila mwaka ni kazi ya mvua. Mito inayoingia ni mingi: Ruzizi, Mulongwe, Kalimabenge na mingine. Mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka kwa kukaushwa na jua. Basi ziwa huwa juu kabisa mwezi wa 4 au wa 5, na chini kabisa mwezi wa 10 au wa 11. Mvua ikizidi miaka ikifuatana, maji huingia majumbani, kama tulivyoona 2021 na 2024.

Mito huleta pia udongo na mawe. Mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ulibomoa nyumba nyingi na kuua ndugu zetu. Udongo unaotoka milimani hulala chini ya ziwa na kufunika mawe ambapo samaki hutaga mayai.

Sasa tufanye nini?

Kabla ya kununua kiwanja, waulize wazee maji yalifika wapi mwezi wa 5. Usikipime kwa macho ya mwezi wa 10.

Maji yakifika vyooni, kipindupindu kiko karibu: chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa.

Mwenye shamba mlimani apande miti na majani kwenye miteremko.

Ziwa halina hasira, wamama. Lina majira yake, nasi tuyajue.