Namba ya Simu Haina Umri

Tanzania, sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 2016 ilipandisha umri hadi miaka 25. Ukisoma vifungu hivyo utadhani mtoto amewekewa uzio. Lakini kampuni ya kubeti haimwoni mteja, inaona namba ya simu tu. Hapa Tanzania namba hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole za baba, mama au bibi, wakati namba ya siri anaijua kijana wa kidato cha pili, kwa sababu ndiye anayetumwa kutoa pesa na kumsomea bibi ujumbe. Kwenye kumbukumbu za kampuni, aliyeweka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ni bibi wa miaka 68 mwenye mapenzi makubwa na ligi ya Uturuki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka umri upandishwe kama dawa. Tatizo liko kwenye malango yaliyoachwa wazi, na la kwanza ni jezi. Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga bao, na vifuani mwa timu zote mbili iliandikwa SportPesa, jina la kampuni ya kubeti. Mwaka huohuo kampuni hiyohiyo iliwadhamini Simba na Yanga. Mtoto wa Kariakoo hakuwa na pa kukimbilia. Huko Uingereza, jezi za saizi ya watoto haziuzwi zikiwa na nembo ya kamari. Jezi za watoto zinazotundikwa kwenye vibanda vyetu, nani anazikagua?

Lango la pili ni hesabu, na hapa ndipo vijana wanapoliwa zaidi. Chukua mkeka wa mechi kumi, kila moja ina odi 1.5. Kwa Sh 500 unaahidiwa karibu Sh 28,800. Tuseme kila timu uliyoichagua ina nafasi ya kushinda ya asilimia 65, ambayo si haba. Mechi zote kumi zikienda pamoja, nafasi hiyo inashuka hadi asilimia 1.3 hivi. Katika mikeka 1,000 ya aina hiyo, itakayotiki ni kama 13. Wachezaji watakuwa wametoa Sh 500,000, na watakaoshinda watagawana takriban Sh 375,000. Inayobaki ni ya kampuni. Na mkeka ukichanwa na mechi moja, kijana hasemi amepoteza. Anasema alibakiza timu moja tu, kisha anaweka mwingine. Hesabu hii ingefaa kufundishwa darasani, kwa namba hizihizi, badala ya kuwaambia wanafunzi kwamba kamari ni mbaya. Hilo wameshalisikia msikitini na kanisani.

Lango la tatu ni dubwi la kando ya duka la mangi, nalo halihitaji maelezo marefu. Mashine isiyouliza umri, inayokula sarafu, haina sababu ya kukaa kwenye njia wanayopita watoto wa shule. Iondolewe.

Wapo wanaosema kodi ya michezo hii inaisaidia serikali na mtu mzima ana haki ya kuchezea pesa yake. Sawa. Lakini mtu mzima hapotezi chochote akitakiwa kuthibitisha kila mara kwamba ni yeye. Tuliweza kuchukua alama za vidole za mamilioni ya watu ili wasajili laini, kwa hiyo tunaweza kuzitaka kampuni zimtambue mchezaji mwenyewe kwa uso au kidole kabla ya kupokea pesa, na kurudisha kila shilingi iliyobainika kuwa imetoka kwa mtoto. Zikianza kulipa kwa uzembe huo, zitapata haraka njia ya kumjua mteja wao. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ianzie hapo. Na wewe mzazi, badilisha namba ya siri leo.