Kiti cha Dirishani, Upande wa Kushoto

Ndugu vijana, ni wachache kati yetu wanaopanda ndege, na mara nyingi ni kwa sababu wenzao wamechanga nauli ili mmoja akawawakilishe Kinshasa. Kwa mjumbe huyo nina shauri moja, ambalo huenda likaonekana la kitoto: anapoondoka Lubumbashi, aombe kiti cha dirishani, upande wa kushoto, mahali ambapo bawa halizibi macho.

Sababu yake iko kwenye ramani. Ukichora mstari mnyoofu kati ya miji hiyo miwili, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, Likasi inabaki kidogo upande wa kulia na Kolwezi upande wa kushoto. Rubani aweza kupinda njia. Hilo si letu kuamua. Asubuhi jua huwa kulia, basi aliye kushoto haumizwi na mwanga. Mwezi wa Agosti moshi wa mioto ya porini hufifisha yote, lakini baada ya mvua hewa husafika, mawingu yakikubali.

Kabla ya nusu saa kwisha, Kolwezi yatokea. Apitaye barabarani huona kuta, malango na vumbi jekundu. Kutoka juu hakuna ukuta. Mashimo yanashuka ngazi kwa ngazi, marundo ya udongo yamesimama kama vilima vilivyopotea njia, na nyumba za watu zimebanwa kandokando. Hapo ndipo mtu aweza kulinganisha kwa jicho lake ukubwa wa shimo na ukubwa wa mji. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Tumeyasikia maneno hayo mikutanoni mara nyingi mno, hata hayatushtui tena. Shimo lenyewe, likionekana zima, bado hushtua.

Mzee mwenye magoti mabovu akipenda kiti cha kando ya njia, simlaumu. Ninayemlaumu ni kijana aliyepewa dirisha, kisha akashusha kifuniko chake ili aone vizuri picha za simu. Nayo betri ya simu ile, mara nyingi, ina kobalti ndani yake.

Katika safari yangu ya mwisho nilichelewa uwanjani, nikapewa kiti cha njiani. Dirishani alikaa kijana wa miaka kama ishirini, naye alikuwa amefunga. Tulipokaribia Kolwezi nilimwomba afungue kidogo. Akatazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno, halafu akaweka kidole kwenye kioo.

«Baba, kwetu ni pale.»

Nikainama ili nami nione. Kutoka nilipokaa niliona anga tu.