Ua bila ua

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ua wa nyumba na ua la mti. Katika miji ya mwambao, vitu hivyo viliunganishwa kwa miaka mingi na mwasumini, kichaka kifupi cha maua meupe, yaani asumini, kando ya mlango. Leo nyua nyingi zimefunikwa saruji kutoka getini hadi kizingitini, na pambo likihitajika hununuliwa maua ya plastiki. Tunapoteza zaidi ya harufu. Mwasumini ni nadra sana kutoa mbegu, hivyo hauletwi na ndege wala upepo. Karibu kila shina tulilo nalo limetokana na tawi lililokatwa kwenye shina jingine, mkono kwa mkono. Mmea wa namna hiyo hudumu pale tu watu wanapoamua udumu.

Na unastahili kudumu. Asili yake ni Asia ya Kusini, hupenda joto na jua, na hubaki kijani mwaka mzima. Vitumba hushinda vimefumba mchana kutwa, na jua likitua hufunguka na kutandaza harufu. Ua likichakaa huingia uwekundu kidogo, kisha huanguka. Ndiyo maana wasokota vikuba, vile vishada vya maua vya kujipambia, huchuma alasiri, ili asumini zichanue zikiwa tayari zimepambwa pamoja na rehani. Wachina nao huchanganya vitumba hivyo na majani ya chai usiku, chai ikavuta harufu vikifunguka. Ufilipino uliifanya asumini ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia ikaiweka miongoni mwa maua yake ya taifa mwaka 1990. Wenzetu wanaienzi rasmi. Sisi tunaing'oa ili tuegeshe gari.

Wapo wanaosema kichaka huleta mbu na nyoka. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni mkasi. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye maua, na nyoka hupenda kichaka kilichoachwa kikasongamana hadi chini. Mwasumini uliopogolewa ukabaki kimo cha kiuno, shina likiwa wazi, hauna maficho. Tena maua hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo anayepogoa hujiongezea mavuno. Wengine husema penye nafasi ndogo heri mchicha kuliko ua. Mchicha una haki yake, lakini mwasumini hutosheka na ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, nao hauombi kupandwa upya kila msimu.

Wala gharama si kisingizio. Kata tawi lililoanza kukomaa, la sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, liweke kivulini na udongo ubaki na unyevu hadi lichipue. Baadaye lihamishie juani. Tawi lenyewe halinunuliwi: liombwe kwa jirani ambaye bado hajamwaga saruji. Naye aliyepewa leo awe tayari kukata la kwake kesho, kwa anayepita barabarani jioni akasimama kuuliza harufu ile inatoka wapi.