Ziara ya Wanyama Huanza kwa Wenyeji



Kila mwaka vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huwaleta wanafunzi wao Afrika Mashariki kujifunza habari za wanyama. Wengi hupelekwa Serengeti na Ngorongoro. Wengine hushuka pwani, Unguja na Mafia, kutazama matumbawe, kasa na papa potwe. Elimu haikataliwi, nami sizipingi safari hizi. Ninachokipinga ni desturi ya kumfundisha mgeni jina la mnyama kwa Kilatini, ilhali watu wanaoishi na mnyama huyo wanabaki kuwa madereva, wapishi na mapambo ya picha. Rai yangu ni kwamba kiongozi wa ziara awapeleke wanafunzi wake kwa wenyeji kwanza, tena kwa lugha ya wenyeji. Asipofanya hivyo, watarudi makwao na nusu ya elimu.

Tutazame mfano wa Olumbi, katika wilaya ya Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Mto Ruvuma, ulio mpaka na Tanzania, hauko mbali, na Kiswahili hakikukomea mtoni. Husikika upande huo pia, pamoja na Kimakonde, Kimakua na Kimwani, lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili. Katika bahari ya pwani hiyo wamo kasa, pomboo na nyangumi wapitao kwa msimu. Na barani, mkoani humo, tembo bado huingia katika mashamba ya watu.

Elimu ya wanyama hao imo ndani ya maneno. Watu wa pwani humpambanua ng'amba na kasa wengine. Ng'amba hutafuta sponji katika miamba ya matumbawe; kasa wa kijani aliyekwisha kukomaa hula nyasi za bahari. Gamba la ng'amba limefanyiwa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Wagiriki walikwisha kuliandika katika mwongozo wao wa biashara wa karne ya kwanza. Anayejua neno moja tu la kuwaita kasa wote hawezi hata kuuliza swali lililo sahihi.

Sarufi nayo ina funzo. Tunasema "kasa huyu amepanda ufukweni", kwa sababu lugha imemweka mnyama pamoja na mtu katika upatanisho wa wenye uhai. Gamba likishabanduliwa, tunasema "gamba hili limeuzwa": uhai umetoka, imebaki bidhaa. Kiongozi wa ziara na aichunge tofauti hiyo hata kwa binadamu. Mwanakijiji asigeuzwe kitu cha kutazamwa.

Hapa ndipo somo la wanyama linapokuwa somo la uraia. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inaitambua haki ya jamii kuitumia ardhi wanayoikalia kwa desturi, na inataka washauriwe kabla mtu mwingine hajapewa. Katika wilaya hiyohiyo ya Palma, eneo la Afungi lilitengwa kwa mradi wa gesi, na familia za Quitupo zikahamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Wavuvi miongoni mwao walilalamika kwamba bahari sasa iko mbali nao. Katika hifadhi pia mambo kama haya yamewahi kutokea: mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti. Mwanafunzi anayeuliza, "Ni kasa wangapi hutaga hapa?" hana budi kuuliza pia, "Ni nani waliokuwa wakivua hapa, na leo wako wapi?"

Wapo watakaosema kwamba majuma machache hayatoshi kujifunza lugha, na kwamba fedha za wageni ni msaada tosha. Fedha ni msaada, sikatai. Lakini majuma machache yanatosha kujifunza kusalimia, kuomba ruhusa na kusikiliza, na bila hayo fedha haziwezi kununua imani ya mtu. Isitoshe, wenyeji wana vijana wasomi. Chuo Kikuu cha Lúrio kina kitivo cha sayansi mjini Pemba. Tanzania ina chuo cha wanyamapori cha Mweka tangu mwaka 1963. Kila mgeni mmoja na aambatane na mwanafunzi mwenyeji, wakiwa na daftari moja na cheo kimoja. Na matokeo ya utafiti yarudishwe kijijini, yasomwe kwa lugha inayoeleweka, kabla hayajapelekwa katika maktaba za mbali.

Wajibu mwingine wa kiongozi ni kujua lini aseme hapana. Vita vilianza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, na mji wa Palma ukashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu mkoani wameyakimbia makazi yao. Kuwapeleka wanafunzi kutafuta kasa mahali ambapo mwenyeji hajui kama atalala kwake si ujasiri, ni kukosa adabu. Olumbi na isomwe kwanza kwa masikio: kwa kuisikiliza lugha yake na habari za watu wake. Safari itangoja amani.

Basi, ninyi mnaojifunza Kiswahili, msidhani kwamba mnajifunza lugha ya kuagizia chai peke yake. Mkijaliwa siku moja kuongoza msafara wa wanafunzi, anzeni kwa kubisha hodi. Mkikaribishwa, ingieni kwa heshima. Msipokaribishwa, rudini kwa heshima ileile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Na ziara ambayo mwenyeji hakupona kwayo haistahili kuitwa elimu.