Wagosi, Fungueni Daftari

Lyon, Agosti 2025

Wagosi zangu wa Tanga,

Ujumbe wenu wa kundini nimeupata wote. Arobaini na kitu ndani ya usiku mmoja, mpaka simu nikaizima. Samatta katua Le Havre! Nimeona, na mimi nilipiga ukelele peke yangu jikoni hadi jirani akagonga ukuta. Lakini katikati ya picha za Samatta kuna mtu alitupia video nyingine na vikatuni vya kucheka: wachezaji wa timu moja ya huko nyumbani, jina nalihifadhi, wameketi chini ya mwembe, viatu pembeni, wamegoma mazoezi kwa kudai mishahara. Mkacheka. Mmoja wenu akaandika, "Wacheze mpira, waache njaa." Usiku huo sikulala vizuri.

Ngoja kwanza niwasimulie msimu wa huku, maana nyie Ligi Kuu ya Ufaransa mnaijua kwa PSG tu. Ubingwa waliutia kibindoni tangu Aprili, kwa bao moja dhidi ya Angers, na Mei wakaenda Munich wakampiga Inter tano bila. Hayo mliyaona. Mimi naishi Lyon, na msimu nilioutazama mimi ulichezwa kwa kalamu zaidi ya miguu.

Novemba 2024, ligi imepamba moto, Lyon wakaambiwa: msipoziba pengo la fedha zenu, msimu ukiisha mnashuka daraja. Lyon hao hao waliochukua ubingwa mara 7 mfululizo, 2002 hadi 2008! Waliotamka hivyo ni wakaguzi wa hesabu. Chombo chao kinaitwa DNCG, na kila klabu ya soka la kulipwa, iwe PSG au hao Le Havre wa Samatta, lazima ipite mbele yao na daftari lake. Mlitumia nini msimu uliopita? Msimu ujao mtalipa mishahara kwa fedha ipi, na fedha hiyo iko wapi? Wasiporidhika wanakubana kwenye mishahara, wanakufungia usajili, au wanakushusha, hata kama uwanjani ulikuwa unafunga kama mvua.

Lyon wakamaliza nafasi ya 6, tiketi ya Ulaya mkononi. Tarehe 24 Juni wakashushwa.

Habari ilitukuta ghalani, tunapanga makreti ya nyanya. Tunaye kijana wa Saint-Étienne, ambao ndio watani wa jadi wa Lyon. Timu yake ilishuka Mei, ila wao walishuka kwa miguu yao wenyewe, na tangu siku hiyo kuna mzee mmoja wa Lyon alikuwa hampi pumzi kwa utani. Sasa simu ya mzee ikalia. Akaweka kreti chini, akavua glavu moja, akasoma, akarudia kusoma. Tukamgeukia yule kijana, tukijua leo ni leo. Hakucheka. Alikwenda kwenye mashine akamletea mzee kahawa. Mzee akainywa, kisha akaporomosha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilidhani anawatukana wakaguzi. Alikuwa anamtukana tajiri wa timu yake.

Mwaka uliotangulia ilikuwa zamu ya Bordeaux, mabingwa mara 6. Walishushwa, wakapoteza hata hadhi ya klabu ya kulipwa, wakaenda kucheza daraja la nne.

Najua kuna mgosi ameshanyanyua kidole: mbona Lyon wamerudishwa? Kweli, 9 Julai rufaa yao ilikubaliwa wakabaki. Mwenye nguvu mpishe ipo hata huku, siwadanganyi. Lakini kabla ya hapo uongozi ulibadilika, John Textor, tajiri yule aliyetukanwa ghalani, akaachia kiti, Michele Kang akashika, na fedha zikaonekana mezani.

Kwetu je? Mshambuliaji anapokewa uwanja wa ndege kwa tarumbeta, kavishwa skafu, kabebwa juu juu. Mnaujua mguu wake wa kushoto kuliko mama yake anavyoujua. Nani kati yenu aliuliza mshahara wake wa mwezi wa nne utatoka wapi? FIFA ikiifungia timu usajili kwa madai ya mchezaji wa kigeni, mnalia kwamba tunaonewa. Na mtoto wa Ngamiani anayedai miezi mitano, yeye atampigia nani?

Msinijibu kwamba leseni za klabu zipo. Zipo, kwenye makabati. Mimi nataka kitu kimoja, na nitawachosha nacho mpaka mniondoe kwenye kundi: dirisha la usajili lisifunguliwe kwa klabu yoyote kabla haijafungua daftari. Mishahara ya miezi mitatu iwekwe benki, ifungwe, isiguswe na mwenyekiti wala mfadhili. Mahesabu yabandikwe kwenye geti la klabu, mwanachama ayasome huku anakula muhogo wake. Hamna fedha? Chezeni na vijana wenu wa mtaani, au mshuke. Mtashuka, mtalia, mtapanda tena.

Nakuwa mkali kwa sababu ya kaka yangu. Mnamkumbuka, beki wa kulia, Mkwakwani nzima ikimwimba. Fedha yake ya usajili, malipo pekee aliyowahi kupewa kamili, ndiyo iliyonunua tiketi yangu ya kuja huku. Alinipa stendi, kwenye bahasha ya kaki, akasema yeye mshahara utamtosha. Mshahara ulikuja miezi miwili. Mwezi wa sita goti likaenda, na klabu, sitaitaja, ikasema mkataba wake hauonekani ofisini. Leo anaendesha bodaboda. Asubuhi anasimama kando ya pikipiki apige stata kwa mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunjiki. Nikimpigia, la kwanza ananiuliza baridi ya huku inanionaje. Mimi la goti naliogopa, huwa nahamia haraka kwenye habari za timu yetu, Coastal.

Nasikia mkutano mkuu wa wanachama wa Coastal umekaribia. Kadi yangu anayo yeye, imekwisha muda kama yake. Ijumaa natuma ada za wote wawili. Atakuja, na atawaomba daftari. Mtaka kuzomea azomee, ila mwachieni kiti cha mwisho wa safu, pale anapoweza kuunyoosha mguu.

Wenu,
Mgosi wa Lyon