NENDA NYUMBANI KWAKO

Neno letu leo ni Marko 5:1-20.

Tumezoea kuhubiri kuhusu pepo na nguruwe. Leo tutulie mstari wa 19. Yule mtu wa makaburini, aliyefungwa minyororo mara nyingi, sasa ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Anamsihi Yesu afuatane naye. Yesu anakataa. Anamtuma nyumbani, kwa watu wake.

Mpendwa, mnyororo ukikatika na hakuna mlango wa kubisha, huyo mtu bado hajawa huru.

Hapa Kenya, mgonjwa wa akili anaweza kulazwa bila hiari yake. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, inaruhusu. Lakini sheria hiyo haikukusudia akae huko maisha yake yote. Daktari akipendekeza, msimamizi wa hospitali anaweza kutoa amri ya maandishi aruhusiwe kwenda. Na Katiba, kifungu cha 29, inakataza mtu kunyimwa uhuru bila sababu ya haki.

Lakini uko mlango ambao amri ya daktari haiwezi kuufungua: mlango wa boma lako. Pale Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka wa 1910, kumekuwa na wagonjwa walioruhusiwa wakabaki wodini kwa sababu hakuna aliyekuja kuwachukua. Tunaona haya. Wengine wetu tumegawana shamba kana kwamba ndugu yetu alishazikwa.

Utaniambia, "Pasta, hujui alivyotutesa. Alimpiga mama, akavunja madirisha." Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Ndiyo maana usimpokee peke yako. Muulize daktari dawa ni zipi, kliniki ni lini, na dalili gani zikionekana umrudishe haraka. Na asikudanganye mtumishi yeyote kwamba imani ni kutupa dawa. Tunaomba, na dawa anameza.

Nasi kanisa tuchange nauli ya kliniki. Tumtembelee mama anayemlea. Akija ibadani, tumpe kiti katikati yetu, tuache kunong'ona.

Kama una ndugu wodini, piga simu hospitali wiki hii. Uliza kama ameruhusiwa.

Baba, utuondolee haya na hofu, ufungue milango ya nyumba zetu. Katika jina la Yesu, Amina.